Punje Sabini

Mwaka jana, tulipokwenda kumzika Sechelela kule Buigiri, mimi ndiye niliyesimamisha mazishi. Mchungaji alikwisha kumaliza sala, vijana wameshika makoleo, nikavua viatu, nikapenya katikati ya watu, nikajibwaga juu ya lile tuta la udongo na kuining'iniza miguu kaburini, na umri wangu wote huu. "Hazikwi mtu hapa!" nikapiga ukelele. "Huyu mwanamke ni mwizi! Aliniibia mzee wangu, akaniibia bunduki yangu, akanikondesha kwa wivu mwaka mzima. Arudishe kwanza!" Watu wakaangua kicheko. Mimi ni Mhehe na marehemu alikuwa Mgogo, na sisi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako akifa unayo haki ya kufanya fujo msibani mpaka wenye msiba wakutoe kwa chochote walicho nacho. Binti yake, Nyemo, alinijia na jogoo mkononi, machozi yanamtoka na huku anacheka, akasema, "Mama mdogo Vero, pokea huyu, umwache mama alale." Nikapokea jogoo, nikashuka, kina mama wakanipigia vigelegele kwamba Mhehe yule anajua utani. Hakuna hata mmoja aliyetambua kwamba sikuwa natania. Kila neno nililolisema pale lilikuwa kweli tupu.

Na mkitaka kujua nilivyo, nitawaambia na la pili. Nikiwa pale juu ya udongo niliutazama ule umati, watu hadi nje ya ua wa kanisa, wengine wamepanda kwenye malori ili waone, nikasema moyoni: hata msiba! Mimi siku yangu ikifika hawatafika nusu ya hawa. Mwanamke yumo ndani ya sanduku na bado namwonea wivu. Nilirudi Dodoma na jogoo wangu miguuni, na njia nzima, tulipopita Mtumba kwenye yale majengo ya wizara, vioo vitupu na lami, nilikuwa natafuta kwa macho mahali lilipokuwa lile pori ambako Sechelela alinishinda. Sikulipata. Pamepimwa, pamejengwa, pamewekwa uzio na bustani. Kwa hiyo nitalisimulia hapa, maana mahali pengine pa kulionyesha sina.

Miaka ile ndiyo kwanza ruhusa za biashara zimefunguliwa. Madukani sabuni zikarudi, mitumba ikamwagwa sokoni, na mtu aliyekuwa anaogopa kuuza hata andazi bila kibali sasa aliandika jina lake ubaoni na kufungua mlango. Mzee Idi, Mrangi wa Busi, alikuwa amestaafu kazi ya wanyamapori, na yeye alichojua katika dunia hii ni bunduki. Akaomba leseni ya kutengeneza bunduki na kujaza risasi upya, akaipata baada ya kusumbuliwa sana, akageuza chumba cha uani kwake Makole kuwa karakana. Kazi yenyewe watu wengi hawaijui. Bunduki kubwa, zile za nyati na tembo, risasi zake zilikuwa hazipatikani hovyo. Ziliagizwa ng'ambo na kuchelewa mpaka msimu wa kuwinda unakwisha. Lakini risasi ikishapigwa, ganda lake la shaba linabaki zima. Unaliosha, unalinyoosha kwa mashine ya mkono, unalitia fataki mpya kitakoni, kile kikofia kidogo kinachozaa moto, unalijaza baruti iliyopimwa, unakipachika kichwa cha risasi juu, basi, risasi imefufuka. Aliniajiri mimi kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najua Kiingereza cha kusoma kitabu cha kazi, na mikono yangu haitetemeki. Nilivyofika Dodoma na nilikotoka si habari ya leo.

Chumba kile nakiona hata sasa. Meza ndefu ya mninga, mashine imefungwa kwa nati pembeni, mzani mdogo ndani ya sanduku la kioo. Dirisha lilikuwa halifunguliwi tukiwa kazini, kwa sababu ule upepo wa Dodoma, hata ukipenya kidogo tu, unaitingisha sindano ya mzani na kipimo kinakuwa uongo. Basi tulichemka humo ndani kama maharage. Sigara hakuna, kibiriti hakuna, redio hakuna kwa kuwa Mzee alitaka akili ya mtu iwe mahali pamoja. Na kulikuwa na sheria ya chakula. Fataki ukiishika kwa mkono wenye jasho au mafuta inakufa, haiwaki, na mwindaji aliye mbele ya nyati hana muda wa kusikia habari za mafuta yako. Kwa hiyo Bi Hadija, mke wa Mzee, alipotuletea chakula cha mchana, ugali wa uwele na mlenda na maziwa ya mgando, mimi nilikula kwa kijiko. Ugali kwa kijiko! Nyumbani wangesema nimechanganyikiwa. Lakini nilikula hivyo kila siku, bila kunung'unika, na Mzee Idi alikuwa akinitazama na kutikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi niliishi kwa kile kichwa. Nilikuwa msichana mzima, nimeshaposwa na kukataa, na furaha yangu ya siku ilikuwa mzee mmoja kutikisa kichwa juu ya sahani yangu.

Kazi ikazidi, Mzee akatafuta mtu wa pili, na ndipo akaja Sechelela. Aliingia hata kabla ya kukaribishwa. "Mbukwa!" akasalimu kwa Kigogo, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe, kisha akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ni kabila gani?" Nikamwambia Mhehe. Akapiga makofi. "Mungu wangu! Baba, umeniweka chumba kimoja na Mhehe? Nilimwacha mbwa wangu nje, jamani, mwangalieni!" Ndio ule utani wao kwamba Wahehe tunakula mbwa, na Mzee Idi akacheka mpaka akashika meza. Sijawahi kumchekesha yule mzee mimi. Nikajibu kama inavyopasa, nikamwambia Mgogo hajafika mahali mpaka aombe kitu, sasa aombe tuone, na yeye papo hapo akanyoosha kiganja akasema naomba kijiko. Vicheko upya. Mtu asiye na watani hawezi kuelewa adha niliyoipata mwaka ule. Mtani hakasirikiwi. Akikutukana unamtukana, mnacheka, mnamaliza. Ukinuna ni aibu yako na ya kabila lako zima. Kwa hiyo nilikuwa na wivu usio na mahali pa kutokea. Ningepewa mpinzani wa kabila jingine lolote, tungegombana siku ya kwanza tukajuana.

Mchana wa kwanza Bi Hadija alipoleta chakula, nikampa Seche kijiko na kumweleza habari ya fataki. Akakigeuza kile kijiko mkononi. "Ugali kwa kijiko? Kwani naumwa?" Akatia mkono, akamega tonge, akalipitisha kwenye mlenda ukavutika kama kamba, akala mpaka akalamba vidole. Kisha akatoka nje, akanawa kwa sabuni, akanawa tena, akarudi kumwonyesha Mzee viganja kama mtoto wa shule. "Nusa, baba." Na Mzee Idi akanusa! Akasema, "Haya, safi." Mimi nimebaki na kijiko changu kimejaa, sijui nikimeze au nikirudishe. Kumbe sheria ilikuwa na mlango, na mimi sikuwahi hata kuusukuma.

Sasa nifike kwenye punje. Mzee aliniambia nimfundishe Seche kupima baruti. Kile kitabu chetu kilikuwa cha Kiingereza, na vipimo vyake vya uzito wa baruti vinatumia neno ambalo maana yake, ukitazama kamusi, ni punje. Mzee mwenyewe alikuwa analitamka hivyohivyo kizungu, "greni", lakini mimi nilikuwa na fahari ya Kiswahili changu, nilipata alama nzuri sana ya Kiswahili, nikasema sisi tutasema punje. Nikamwonyesha Seche ubao tulioandika kipimo cha bunduki ya Mzee, nikamwambia, "Hii inataka punje sabini. Usizidishe hata moja, usipunguze hata moja." Nikamwonyesha mzani, nikadhani ameelewa, nikatoka kwenda posta kuchukua barua za Mzee. Nilikaa foleni nusu ya asubuhi. Niliporudi nikamkuta Seche ameinama juu ya karatasi nyeupe, ulimi umetoka pembeni, anasogeza kitu kwa ncha ya sindano. Nikafikiri anasafisha meza. Akaniambia amemaliza risasi tano na macho yanamuuma. Nilishangaa zimekuwa chache, nikasema moyoni, mvivu huyu, nikafurahi.

Kesho yake Mzee alituchukua kwa ile gari yake ya zamani hadi porini upande wa Mtumba kuzijaribu risasi. Wakati ule palikuwa miiba na nyasi kavu, tambarare unaona mpaka macho yanachoka. Kule mbali kabisa, chini ya kilima, Mzee alikuwa ametundika diski ya jembe la trekta kwenye mti, na kutoka tulipolala ilionekana kama kifungo cha shati. Ukiipiga inalia, na mlio wake unakufikia baada ya kungoja kidogo. Kazi yangu mimi porini ilikuwa kuokota maganda. Mzee akalala kifudifudi, akaweka risasi ya Seche, akapumua, akabonyeza. Badala ya ule mshindo wa kukupasua kifua ikatoka "pfu", kama mtu anazima mshumaa. Mzee hakugusa kitu. Akainua mkono tusisogee, akaifungua bunduki taratibu, akauelekeza mtutu kwenye mwanga, akachungulia ndani. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu. Angepiga nyingine juu yake, bunduki ingempasukia usoni.

"Nani alijaza hizi?" akauliza. Mimi moyo wangu, Mungu anisamehe, uliruka kwa furaha. Nikajua Seche anaondoka leo hii, kwa miguu, hata gari hapandi. "Ni mimi, baba," akasema Seche. "Na kama hazikutimia sabini nikatwe kidole. Nilizihesabu moja moja." Mzee akakunja uso. "Ulihesabu nini?" "Punje, baba. Sabini kila moja. Tena zile zilizovunjika nilizitoa." Mzee Idi akaitoa risasi moja, akaing'oa kichwa kwa koleo, akaimwaga kiganjani. Vipande vya baruti ile ni kama masizi yaliyokatwakatwa, na sabini zake hazifuniki hata ukucha. Alizitazama. Kisha akaketi chini kwenye nyasi, akaweka bunduki pembeni, akaanza kucheka, cheko la kutoka tumboni, mpaka kofia yake ikaanguka na machozi yakamtoka. "Kwa sindano!" alikuwa anasema. "Mama yangu, kwa sindano! Hata ya tatu asichoke!" Seche naye, alipoelewa, akajitupa chini karibu yake, wakacheka pamoja wakishikana mikono, mzee na binti, juu ya kitu ambacho kilikuwa nusura kimuue. Nikasema, kwa sababu niliona lazima mtu aseme, "Ni mimi niliyemwambia punje, Mzee. Kitabu kinasema hivyo." Akafuta macho. "Kitabu umekisoma vizuri, Vero," akasema, na akarudia kucheka. Hicho tu. Wala hakunigombeza. Kugombezwa ningeweza kukubeba.

Tangu siku hiyo alimwita Mama Punje. Neno ni langu, mimi ndiye niliyelitoa kwenye kamusi, na sasa limekuwa jina la kumdekeza mwenzangu. "Mama Punje, leo umeamkaje?" "Mama Punje, njoo uone." Na baya zaidi likafuata. Mzee akasema Seche lazima asikie kwa masikio yake tofauti ya risasi iliyoshiba na iliyo na njaa, aihisi begani, ndipo hatarudia tena. Basi wakawa wanakwenda porini, yeye na yeye, kila wiki, na bunduki ya Mzee. Mimi nilibaki Makole na mzani. Mwenye kukosea akapelekwa kufundishwa, na mimi niliyejua nikaachwa nilinde chumba! Walikuwa wanarudi jioni wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, midomo imekauka, wanazungumza juu ya upepo, kwamba leo ulikuwa unatoka upande wa Chamwino, kwamba ile ya tatu ilikwenda juu kidogo, na Bi Hadija anawatilia maji ya kunawa. Nami nasimama mlangoni na aproni yangu safi. Siku moja nikajikaza, nikamwambia Mzee hata mimi ningependa kupiga. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama vile meza imesema. "Vero, sasa nani atabaki na mzani?"

Ukuta wa karakana na jiko la Bi Hadija ulikuwa mmoja, wenye matundu ya hewa juu, na mchana ukitulia unasikia kila kitu. Nilikuwa napanga maganda, Seche kaenda sokoni, nikamsikia Bi Hadija akisema, huku anachekecha unga, "Huyu Mgogo wako makelele yake yatatufukuzia wateja." Mzee akacheka kidogo. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijaisikia kwake, sauti ya chini, iliyolegea, ya mtu aliyevua viatu: "Vero namwamini. Vero nikimwachia nyumba nzima nalala usingizi. Lakini yule mtoto, Hadija, nikimsikia tu mlangoni asubuhi, naona siku imekuja." Bi Hadija akasema, "Mh." Nikaendelea kupanga maganda. Niliyapanga yakaenea meza nzima, nikayapangua, nikayapanga tena. Kuaminiwa! Hata mlango wenye kitasa kizuri unaaminiwa. Nililia palepale, kimya, nikiwa mwangalifu machozi yasidondokee fataki.

Kuelekea mwisho wa kiangazi ikaja habari kubwa. Kampuni moja ya uwindaji iliyokuwa imefungua kambi mpya upande wa magharibi ilitaka mtu wa hapa nchini wa kuwajazia risasi zao, msimu hadi msimu. Walikuwa wamepata karakana mbili, yetu na nyingine ya mjini kwingine, wakasema watakuja Dodoma, kila karakana ilete risasi zake na mpigaji wake, wapige diski ile ya mbali, waone. Mzee Idi macho yake yalikwisha kuanza ukungu na alijua hawezi. Kwa hiyo lazima mmoja wetu apewe bunduki yake. Hiyo bunduki ilikuwa haishikwi na mtu nyumba ile bila Mzee kuwapo. Hata Bi Hadija alifagia kuizunguka. Mimi nilitaka kitu kimoja tu mwaka ule, msinitafutie kingine: nilitaka Mzee Idi anikabidhi ile bunduki mbele ya watu na aseme huyu ndiye wangu.

Na haki aliitenda, siwezi kusema hakuitenda. Alitupeleka wote porini, akasema kila mtu apige tatu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nilipolala nyuma ya bunduki ile. Kitako chake kilikuwa cha moto kwa jua na kilinukia mafuta ya nazi ya nywele za Mzee. Nilikuwa nimesoma kitabu chote. Nilijua upepo unafanya nini, nilijua joto linafanya nini, nilijua risasi ile inashuka kiasi gani ikifika kule maana nimeijaza mwenyewe. Ya kwanza nikapiga, tukangoja, diski ikalia. Ya pili ikalia. Bega langu limekufa ganzi, lakini nilikuwa nacheka peke yangu. Ya tatu, nikiwa nimeshaweka pumzi sawa, nikasikia nyuma yangu Seche ananong'ona, "Mama yangu, Mhehe anapiga!" kwa furaha kabisa, bila kijicho chochote, na ndicho kilichoniua. Ningemsikia ananiombea mabaya ningepiga vizuri. Nikabonyeza nikimfikiria yeye. Tukangoja, tukangoja, mti tu ukatoa vumbi. Akalala Seche, akakaa kidogo, akatania kidogo, akapiga zote tatu, na diski ikalia kama kengele ya kanisa. Mzee akaniwekea mkono begani, lile linaloniuma. "Seche atapiga," akasema. "Vero, wewe utatengeneza risasi."

Wiki ile nilijifungia karakana na mzani wangu. Kila atakayesoma hapa atafikiri nilitia mkono vibaya, nikapunguza baruti, nikalegeza kitu. La! Nilifanya kinyume chake, na nilifanya kwa chuki. Nilichagua maganda yaliyo mamoja kabisa, nikapima vichwa vya risasi kimojakimoja na kuvitupa vilivyozidi hata chembe. Baruti niliipima, nikaimwaga, nikaipima tena dirisha limefungwa na mimi nimezuia pumzi. Nilizisugua zikang'aa ukajiona uso. Nilitaka risasi zisizo na lawama hata moja, ili Seche akikosa, dunia nzima ijue kwamba ni yeye aliyekosa, na asipate pa kujificha. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile kabla wala baada. Upendo haujawahi kunipa mikono ya namna hiyo.

Siku ikafika, watu wakajaa, magari ya kampuni, wazungu wawili na Waswahili wao, na yule mpigaji wa karakana ya pili, mwanamume mrefu mwenye buti. Alipoona mwanamke anajilaza kwenye mkeka alitabasamu kwa upande. Yeye alipiga tano, akapata tatu. Zamu yetu, Mzee akatoa risasi kutoka mfukoni mwake, mchanganyiko, nyingine zake mwenyewe alizojaza za akiba. Seche akazitazama akazirudisha. "Hapana, baba. Nipe za Vero. Nyingine siziweki." Nikampa kisanduku. Akapiga ya kwanza, ikalia. Ya pili, ya tatu, ya nne. Mimi kila mara namwombea akose, na kila mara risasi ikitoka nasema moyoni nenda, nenda vizuri, kwa maana ni yangu. Nilikuwa nimegawanyika kifua kama kuni. Ya tano ikachelewa kulia, nikafikiri imekosa, nikaruka kidogo, kisha mlio ukatufikia.

Wakamvamia. Wakamnyanyua pamoja na mkeka wake. Mzee Idi alikuwa analia waziwazi, kofia mkononi, akasema mbele ya watu wote yale maneno niliyoyangoja mimi: "Huyu ni wangu! Huyu nimemtengeneza mimi!" Mkubwa wa kampuni, mzungu mmoja mwenye Kiswahili kizuri, akaja akaokota ganda, akaligeuza juani, akauliza, "Risasi hizi ametengeneza nani?" Na Seche, akiwa juu mabegani mwa watu, akaninyooshea kidole na kupaza sauti, "Huyo hapo! Huyo mla mbwa! Muulizeni mbwa wangu kamla lini!" Umati ukalipuka kwa kicheko. Yule mzungu akacheka naye, hajui anacheka nini, akadhani ni mzaha tu, akalitia ganda mfukoni na kumgeukia Seche. Hakuniuliza neno. Na mimi nikacheka pia, maana mtani hakasirikiwi. Nikamjibu kwa sauti, "Nimemla, na alikuwa amekonda kama bibi yake!" Wakacheka tena. Nilimwona Seche akiniangalia kutoka kule juu, tabasamu limeanza kumpungua, kama mtu aliyetambua kwamba ametoa zawadi na imeanguka njiani. Akafungua mdomo aseme tena. Wakambeba wakaondoka naye.

Karakana ikapata ile kazi. Lakini kampuni ilitaka na Seche, aende nao kambini, afundishwe uwindaji wa leseni, jambo ambalo mwanamke hakuwa amelifanya pale kwetu. Mzee akamruhusu. Akampa na bunduki. Asubuhi ya kuondoka Seche alinikumbatia kwa nguvu akasema, "Mtani, unitumie risasi zako tu," na mimi nikasema, "Omba tu, ndiyo kazi yenu," na gari likaondoka, na mimi nikaingia chumbani, nikafunga dirisha, nikavuta pumzi. Sasa chumba ni changu. Mzee ni wangu. Hakuna makelele, hakuna Mama Punje, hakuna kuvunja sheria ya kijiko. Nilitandika kitambaa kipya mezani.

Mzee Idi akaingia, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi. Alikuwa anafanya kazi vizuri, ananiambia lete hiki, weka kile, kwa sauti yake ya kuaminia watu. Bi Hadija akileta chakula anakula kidogo na kusogeza sahani. Mara moja akaniita, "Seche, hebu nisomee mzani," nikamwambia, "Mimi ni Vero, Mzee." Akasema, "Ee, Vero. Nisamehe, mama." Ikatokea tena, nikamsahihisha tena, na kila nikimsahihisha naona kitu usoni mwake kinajifunga, na siku inakuwa ndefu.

Ndipo ikaja asubuhi moja, mvua za kwanza zimenyesha, hewa imepoa hata ndani mle. Nilikuwa nimeinama juu ya mashine na nimempa mgongo. Mzee aliingia, nikasikia anavuta stuli, anaketi, anashusha pumzi. Halafu akaanza kuzungumza, na ilikuwa ile sauti. Ile ya chini, iliyolegea, niliyoisikia kupitia matundu ya jikoni, ambayo nilikuwa nimekula ugali kwa kijiko mwaka mzima nikiingoja.

"Seche," akasema, "unajua usiku nimeota nini?"

Nikaweka ganda chini. Sikugeuka.

"Abee," nikaitika.